Mstari nyuma ya jiko

Leo nimerudi kutoka Kira, nje kidogo ya Kampala, viatu vimejaa tope.

Miezi minne sasa mimi na baba watoto tunatafuta nyumba. Najjera imeshatushinda mfukoni, Kyanja ndiyo usiseme. Kira bado inajengwa, tukasema twende kabla bei haijapaa.

Nyumba nzuri jamani! Rangi mpya, geti jeusi, mwembe uani. Dalali akasema hati ipo, mailo safi, yaani ardhi ni yako milele. (Usipochunguza, unanunua hati ya mailo kumbe ndani mna kibanja cha mtu, yaani kipande anachokikalia kihalali, na huyo humtoi hivi hivi.)

Mimi nikazunguka nyuma ya jiko.

Huko wapaka rangi hawakufika. Ukutani kuna mstari wa kahawia, umenyooka kama wa rula.

Unanifika magotini.

Ng'ambo ya ua mzee mmoja, jaja kama tunavyowaita wazee huku, alikuwa anapalilia migomba. Nikamuuliza, jaja, hii nini? Akacheka. "Huku chini kulikuwa mafunjo matupu, mwanangu."

Dalali akapokea simu ambayo sikuisikia ikiita.

Baba watoto bado anautaka ule mwembe.

Wakazi wa Kira, Bulindo, Namugongo: mvua ikipiga, ni wapi maji hayaingii? Niambieni.