Profesa wa miaka 57 aliyeenda vitani kuchimba mahandaki

Jamani kuna watu hawajui kustaafu. Huyu Edgeworth David kazaliwa Wales 1858, akahamia Australia 1882 kama mtaalamu wa miamba, baadae akawa profesa pale Sydney, na 1909 alikuwa kwenye timu iliyofika ncha ya kusini ya sumaku kule Antaktika, wakati huo ashafika miaka 50! Ungedhani basi inatosha, apumzike. Wapi. Vita ya kwanza ya dunia ilipopamba moto akasaidia kuanzisha kikosi cha wachimba migodi cha Australia, 1915 akajiunga mwenyewe kama meja akiwa na miaka 57, na 1916 wakatua Ufaransa.

Kazi yao ilikuwa kuchimba chini ya mistari ya Wajerumani, kimya kimya maana adui nae anachimba na kusikiliza, halafu unajaza baruti na kulipua. Sasa adui mwingine ni maji, ukichimba usawa usio sahihi handaki linafurika, ndo hapo mzee alikuwa anahitajika, yeye anasoma udongo na kupima maji ya chini yanapanda wapi na lini. Kwenye kupima huko winchi ikakatika akadondoka kisimani zaidi ya mita 20, akavunjika mbavu. Mi ningerudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yeye katibiwa, karudi kazini, na tarehe 7 Juni 1917 mabomu 19 yakalipuka Messines, kule Ubelgiji, chini ya Wajerumani.