Mlimau Umefiwa na Nani?

“Mdogo wangu, huu mlimau umefiwa na nani?” Yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, aliuliza hivyo Jumapili, amesimama mlangoni pa jikoni na bakuli la sombe mkononi, hata viatu hajavua. Watu wote wakacheka, nami nikacheka. Leo Alhamisi. Harusi ya binamu imepita, mtoto mkubwa amerudi kutoka Likasi, umeme umekatika ukarudi, na mimi bado ninamjibu Yaya kichwani huku ninachambua mchele.

Sikuunyoa, Yaya, niliupogoa. Nilianza na vitawi vilivyokauka na vyenye ugonjwa, nikifuta sekateri, ule mkasi wa kupogolea, kwa pombe ya hospitali kila nilipotoka kwenye tawi bovu. Kisha matawi mawili yaliyokuwa yakisuguana, maana gome likichubuka ndipo ukungu unapopata mlango. Kisha yale maotea manene yanayosimama wima katikati kama fimbo: yanakula nguvu ya mti na kuzaa hayana haraka. Na chini ya pale mlimau ulipobebeshwa juu ya shina la mti mwingine, kama sentimita 20 kutoka udongoni, machipukizi matatu yenye miiba mirefu. Hayo si mlimau wetu, ni mti wa chini unajitafutia maisha. Niliyang’oa kwa mkono yangali laini, ili yatoke na jicho lake. Yote kwa jumla hayakufika robo ya majani.

Tawi kubwa lilitaka msumeno mara tatu. Kwanza kwa chini, sentimita 30 kutoka shinani, theluthi ya unene. Pili kwa juu, vidole viwili mbele ya pale kuelekea ncha, ili lianguke bila kuchana gome mpaka shinani. Mwisho kisiki chenyewe, nje kidogo ya ile pete iliyovimba tawi linapotokea. Ukiikata pete, kidonda kinachelewa kufunga. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na uozo unaingia ndani. Wala sikupaka rangi. Hapa mtaani wanapenda kupaka hata mafuta machafu ya gari, sijui nani aliwafundisha.

Ila jana saa nane mchana nilipita pale, jua limelala wazi juu ya gome la upande wa magharibi. Gome bado la kijani, lililokulia kivulini miaka yote. Na Septemba na Oktoba bado ziko mbele, joto lake tunalijua. Litaungua, lipasuke. Kufungua katikati ilikuwa sawa, lakini upande ule ningeacha vitawi viwili vya kivuli. Yaya aliona kitu, ingawa sicho alichokisema.

Leo asubuhi nimekoroga chokaa iliyozimwa na maji mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa, nikapaka shina na kila tawi lililobaki wazi, kuvikinga na jua. Sasa mlimau umevaa na sanda. Jumapili nitasikia.

Akiondoka aliongeza, “Na mwembe wangu usiuguse.” Singeugusa! Umeshatoa maua, na maua ya mwembe yanakaa kwenye ncha za matawi. Ukikata Agosti umekata maembe ya Desemba. Mwembe unangojea mavuno yaishe, Januari au Februari, mvua ingali ipo, machipukizi yakomae kabla ya baridi ya Juni. Ningemwambia, lakini gari lilikuwa limeshawaka.

Mtoto mdogo amekohoa tena usiku, kikohozi kikavu. Nimehesabu mara tatu. Labda ni vumbi. Au lile blanketi la zamani.