Walinipima malaria mara tatu

Walinipima malaria mara tatu na taifodi mara mbili kabla mtu hajaniuliza usiku nalala vipi. Moyo ulinidunda nikiwa nimekaa tu, mgongo ukiniwaka, na kila ikifika saa nane za usiku macho yalikuwa makavu kama ya bundi. Kliniki moja hapa Busia majibu yalisema sina kitu, dawa za malaria wakanipa vilevile. Nikazimeza, nikarudi kwenye magunia yangu ya maharagwe.

Mama alikuwa amefariki. Tulimzika Tororo Jumamosi, Jumatatu nikawa mpakani kwa sababu wanunuzi wa Kenya walikuwa wananisubiri. Sikulia, na watu wakanisifu kwa hilo. Wadogo zangu wawili wakahamia kwangu pamoja na karo zao. Kaka yetu aliye Jinja alikuwa akipokea simu na kusema, "Nitakupigia."

Aliyenishtukia ni nesi wa kituo cha afya cha serikali. Alipima presha, ikawa sawa. Akapima damu, ikawa imepungua, akanipa vidonge vya madini ya chuma, akasema upungufu wa damu nao huufanya moyo uende mbio. Kisha akatoa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3. Swali la mwisho linauliza kama umewaza kuwa heri ungekufa. Nilimjibu kwa kunong'ona. Jumla nikapata 16. "Dada, hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito," akasema, "na inatibika."

Akaniingiza kwenye kundi la wanawake 8, mara moja kwa wiki, chini ya mwembe. Tuliongea Kiswahili maana kulikuwa na Wasamia, Wateso, Wajopadhola na Wagisu. Wiki mbili za kwanza sikufungua mdomo. Busia hii, umbea huvuka mpaka bila kitambulisho! Mshauri alitueleza kuwa tiba hii ya mazungumzo ya kikundi ilijaribiwa mwaka 2002 katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, na kwamba Waganda wana neno lao, okwekubazida, kujisikitikia. Nilishangaa kusikia kumbe ugonjwa wangu una jina hata la Kiganda.

Alituuliza huzuni ilianza na nini: kifo, ugomvi, maisha kubadilika, au upweke? Mimi nilikuwa na vitatu kwa mpigo.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni maigizo. Mama mmoja muuza nyanya alijifanya kaka yangu, akakunja uso, akasema, "Nitakupigia," kwa sauti ileile. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikalia, kilio changu cha kwanza tangu mazishi. Tulirudia maneno mara nne. Nikaacha "wewe hujali", nikabaki na hili: "Muhula huu mimi namlipia mdogo, wewe mlipie mkubwa."

Kaka halisi alinikatia simu mara ya kwanza. Ya pili alituma nusu. Muhula uliofuata akalipa yote, kwa kuchelewa.

Mwili nao haukuachwa. Mshauri alitufundisha kutoa pumzi taratibu kuliko tunavyoivuta, nikaacha chai ya jioni, nikaanza kutembea kwenda sokoni badala ya kupanda boda. Mwenzetu mmoja hali yake ilizidi maongezi, akapelekwa hospitali kuanzishiwa dawa, akawa anakuja kundini huku anazitumia. Mimi niliwapeleka wadogo zangu kaburini, tukakaa hapo mpaka jua likazama.

Karatasi ya mwisho nilipata 6. Usingizi bado hunitoroka usiku mmoja mmoja. Nikiamka saa nane humpigia muuza nyanya, maana saa hizo naye yuko macho akipakia lori. Kwenye simu nimemwandika "Kaka".