Madabodi Mpya, Windows Ileile

Madabodi, yaani ubao mkuu, ya kompyuta ya dada yangu mkubwa ilikufa kifo kinachojulikana: kapasita zilizoizunguka prosesa zilikuwa zimevimba vichwa, na baadhi zikivuja ute wa kahawia. Kubadilisha madabodi hakukunitisha. Kilichonipa kazi ni sharti lake. "Fanya ufanyavyo," aliniambia, "ila Windows usiipige upya." Mle ndani mlikuwa na programu ya hesabu za biashara yake. Diski ya kuiwekea ilishapotea zamani, na aliyeitengeneza alikuwa ameacha kuiuza. Kunakili mafaili peke yake kusingetufikisha popote.

Basi nikafunga madabodi mpya, prosesa mpya na ramu mpya, nikachomeka diski ileile yenye Windows 7, nikawasha. Vile vinuru vinne vya rangi vikaanza kuzunguka, na kabla havijakutana skrini ya bluu ikapita mara moja ikapotea. Mashine ikajiwasha upya. Ikafika palepale, ikaanguka tena.

Wengi huiogopa skrini ya bluu. Mimi naipenda, maana ni kosa linalojitaja. Nikaiwahi kwa F8, nikachagua isijiwashe yenyewe ikipata hitilafu, na safari hii maandishi yakatulia nikayasoma: 0x0000007B. Yaani Windows imeanza kuamka, imeitafuta diski inamokaa, haijaiona.

Diski ilikuwa nzima. Tofauti ni kwamba madabodi ya zamani ilizungumza nayo kwa mtindo wa zamani uitwao IDE, na hii mpya ilikuja ikiwa imewekwa kwenye mtindo mpya zaidi, AHCI. Draiva ya AHCI, yaani programu ya kuzungumza na diski kwa mtindo huo, imo ndani ya Windows 7 tangu mwanzo, lakini kama haikuhitajika siku mfumo ulipowekwa, huwa imelazwa tu. Nikaingia BIOS, mipangilio ya madabodi yenyewe, nikarudisha SATA, yaani milango ya diski, kwenye IDE, Windows ikawaka bila kelele. Nikafungua rejistri, ghala la mipangilio ya Windows, nikateremka mpaka kwenye services, kisha msahci, nikakuta Start imeandikwa 3. Nikaweka 0, maana yake draiva hii ipakiwe mwanzo kabisa wa kuwaka. Nikazima, nikarudisha AHCI kule BIOS, ikawaka vizuri.

Dada akachungulia. "Imepona?"

"Bado kidogo, dada."

Hiyo "kidogo" ndiyo iliyokula muda. Windows ilianza kuvigundua vifaa kimoja kimoja, ikiomba kuwashwa upya kila ilipojisikia. Kadi ya mtandao haikuitambua kabisa, na draiva yake iko wapi? Kwenye mtandao. Nikaipakua kwa laptopu yangu, nikaileta kwa fleshi.

Mtandao ukaja, ila kompyuta za wasaidizi wake zikawa haziioni mashine hii. Zilizoea kuifuata kwa anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) isiyobadilika, niliyoipanga mimi mwenyewe zamani. Nikaiandika anwani ileile kwenye kadi mpya. Windows ikakataa: anwani hii tayari imepewa kadi nyingine. Kadi ipi? Ile ya zamani ilikuwa sehemu ya madabodi iliyokufa, na madabodi hiyo ilikuwa mezani mbele yangu. Nikafungua orodha ya vifaa, nikaamuru vilivyofichwa vionekane. Kadi ya zamani haikuwamo. Kumbe ilikuwa kama marehemu ambaye hati ya kiwanja bado ina jina lake: hayupo, lakini hakuna anayeweza kujenga.

Ujanja wake uko kwenye dirisha la amri, nalo lifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi. Unaandika set devmgmt_show_nonpresent_devices=1, kisha unaiita orodha ya vifaa kutoka dirisha hilohilo kwa start devmgmt.msc, halafu ndipo unaiambia ionyeshe vilivyofichwa. Vikajitokeza kwa ikoni zilizofifia: kadi ya mtandao, kadi ya sauti, milango ya USB ya madabodi ya zamani, hata fleshi ambazo sikumbuki zilikuwa za nani. Nikaifuta kadi ya mtandao, nikarudi kuandika anwani, ikapokelewa. Vivuli vingine niliviacha, havimdhuru mtu. Wapo wanaofuta kila kilichofifia. Mimi naona ni kujitafutia balaa bure.

Kisha tovuti zikaanza kugoma, kivinjari kikidai kila moja cheti chake cha usalama si halali. Hapo nilitazama saa pembeni ya skrini. Madabodi mpya ilikuja na tarehe yake, iliyokuwa nyuma mno, na cheti ambacho bado hakijafikia siku ya kuanza kutumika lazima kikataliwe. Windows huweza kuisahihisha saa kupitia intaneti, ila ikipotoka zaidi ya saa 15 haiigusi. Nikairekebisha kwa mkono kule BIOS.

Ikabaki leseni. Kwa Windows, kubadilisha madabodi ni sawa na kuhamia kompyuta nyingine. Bahati nzuri nakala ya dada ilinunuliwa peke yake, haikuja na mashine, kwa hiyo kuihamisha kuliruhusiwa. Zile zinazokuja na kompyuta hufungwa kwa madabodi yake. Kuithibitisha kwa intaneti kukakataa, tukapiga simu ya Microsoft. Sauti ya mashine ikataka tarakimu 54 zilizokuwa kwenye skrini, makundi tisa ya sita sita. Nilikuwa nimechoka, dada akanipokonya simu akazisoma zote bila kujikwaa, kwa mwendo uleule anaosomea daftari la mauzo. Sauti ikarudisha tarakimu 48, akawa anazitaja nami naandika.

Windows ikakubali. Dada akakata simu, akaniondoa kwenye kiti, akafungua hesabu zake za mwezi uliopita. Salio lilikuwa lilelile, na la kwanza alilosema ni kwamba printa haionekani.