Timu ya tenisi ya shule: kumbukumbu ya wiki saba za kwanza

Wiki ya 1
Wachezaji 18, viwanja 3, saa moja na nusu. Siku ya kwanza niliwapanga foleni nikawa nawarushia mipira mmoja mmoja. Kwa udadisi nikamfuatilia kijana mmoja kwa saa ya mkononi: dakika 10, mipira 7. Muda uliobaki alikuwa anapiga soga na wenzake, na simlaumu. Kesho yake nikafuta foleni. Kila kiwanja watu sita: wawili wanapigiana upande wa kulia, wawili upande wa kushoto, wawili nje wanahesabu na kuokota mipira. Kila dakika 5 zamu inabadilika. Kelele zimeongezeka, mazoezi pia.

Wiki ya 2
Nimeleta mipira yenye doa la kijani, ambayo kasi yake ni pungufu kwa kama robo ukilinganisha na ya kawaida. Wakubwa walinuna, "Mwalimu, hii si ya watoto?" Kufikia Alhamisi walikuwa wanapigiana mara 12, 15 bila mpira kufa, na manung'uniko yakaisha yenyewe.

Wiki ya 3
Kugombania nafasi. Nimebandika ngazi ya majina ukutani: unaruhusiwa kumwita aliye nafasi moja au mbili juu yako, mnacheza hadi gemu 4 (gemu moja huhitaji angalau pointi nne), mshindi anachukua nafasi. Sheria niliibandika kabla ya majina. Mzazi aliyekuja kuuliza kwa nini mwanawe yuko wa tisa nilimwonyesha karatasi tu.

Wiki ya 4
Mechi ya kwanza. Tumechapwa.
Nilikaa na penseli nikiandika kila pointi ilivyopotea. Jozi yetu ya kwanza ilifungwa seti 6-2, yaani gemu sita kwa mbili, na katika seti hiyo pekee walikosea sevu zote mbili mara 11. Sevu ni pigo la kuanzisha pointi; una nafasi mbili, ukikosa zote pointi ni ya mpinzani. Hizo ni pointi za karibu gemu tatu, tumewapa wapinzani bila wao kunyanyua raketi. Na mimi wiki tatu nzima nilikuwa nahangaika na foahendi, pigo la upande wa mkono ulioshika raketi!

Wiki ya 5
Wiki nzima ni sevu ya pili. Ukiwatazama kwa karibu, wengi wanaipiga ileile ya kwanza, ila kwa woga: mkono unakaza, mpira unaishia wavuni. Binti mmoja alikuwa ameshika raketi kama kikaango, uso wote wa raketi ukitazama mbele. Nikamwambia aishike kama nyundo, ukingo ndio uutangulie mpira, kisha aukwangue kwenda juu. Mipira mitano ya kwanza ilivuka uzio. Wa sita ulipita juu sana ya wavu, ukajikunja, ukaangukia ndani ya boksi, eneo ambalo sevu inatakiwa itue. Akanigeukia kana kwamba nimemfanyia mazingaombwe.

Tunaanzia kwenye mstari wa sevu, mita 6.40 kutoka wavuni. Anayeingiza tatu mfululizo anarudi nyuma hatua moja, mpaka afike mstari wa mwisho. Halafu seti nzima ya sevu moja tu, hakuna ya pili. Hili ndilo zoezi lililobadilisha mambo, kwa sababu linaleta ule woga wa mechi mazoezini.

Jambo la aibu: wavu wa kiwanja cha 3 ulikuwa juu mno muda wote huu. Katikati unatakiwa uwe sentimita 91.4. Kama huna futi, simamisha raketi moja, ya pili iweke juu yake kwa ubavu. Utakuwa umekaribia sana.

Wiki ya 6
Wawili wawili. Kwa kifupi: pigeni mshazari. Wavu uko chini zaidi katikati (kwenye nguzo ni sentimita 107) na njia ya mshazari ni ndefu kuliko ya kunyooka. Pia semeni "wangu" kwa sauti, hata kama mnaona haya.

Wiki ya 7
Tumefungwa tena, lakini kwa taibreka, yaani gemu ya kuamua seti mkifungana 6-6. Jozi ileile, makosa ya sevu mara 4. Wanapobadili upande wana sekunde 90, nami nimejizuia kusema zaidi ya jambo moja. Tukiwa nyuma pointi 5-6 kwenye taibreka, yule binti wa kikaango akakosa sevu ya kwanza. Ya pili akaikwangua bila kusita, ikaingia. Mpinzani akairudisha kwenye kona, hakuna aliyeifikia.

Jumatatu tunaanza kupokea sevu.