Moshi wa mizabibu

Jana jioni kaka alikua anachoma matawi aliyopogoa shambani kwa marehemu baba, kule Hombolo, mi nimekaa pembeni nachambua mlenda, upepo ukageuka moshi wote ukanijia usoni. Moshi wa mzabibu ni mwepesi, una kautamu fulani kwa mbali, ukishauzoea huwezi kuuchanganya na wa mkaa au wa kuni za mgunga. Nikaacha mlenda nikabaki nimeshika ungo tu. Nilikua nimerudi Volnay, kijiji cha mizabibu kule Ufaransa, Februari 2011, vidole vina ganzi, na lile jambo ambalo mpaka leo hakuna mtu wa nyumbani anayelijua.

Siku ile nilitoka Dijon na treni ya asubuhi, nusu saa hivi nikashuka Beaune, begi mgongoni, mkate, jibini na ramani niliyoprinti chuoni. Kila Jumamosi isiyo na mtihani nilikua natembea. Ufaransa kwa hilo wamebarikiwa aisee, njia za miguu zimejaa nchi nzima, zile ndefu za kuvuka mikoa zina alama nyeupe na nyekundu, zile fupi za siku moja zina mstari wa njano, wamepaka kwenye mti, kwenye nguzo, kwenye kona ya ukuta wa mtu, na ukikuta rangi imepigwa alama ya X ujue huko siko, geuza. Hakuna kiingilio. Unapita katikati ya mashamba na hakuna anayekuuliza unaenda wapi, mradi umesalimia na hujagusa mali ya mtu. Maji yakikuishia unatafuta makaburi ya kijiji, mengi yana bomba la kumwagilia maua, hilo nilifundishwa na wazee wa njiani, ila baridi ikikaza wanafunga bomba lisipasuke, na pale Pommard nililikuta limefungwa.

Kutoka Beaune mpaka Pommard ni kama kilomita tatu, Volnay haiko mbali kwa mbele, imekaa juu kidogo kwenye mteremko. Nyumba za mawe, madirisha yamefungwa, kengele ya kanisa, mbwa mmoja. Mizabibu haina hata jani, vigogo vyeusi vimejipanga mistari kama watoto wa shule asubuhi, na udongo wa pale ni mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, unaganda kwenye buti mpaka mguu unakua mzito mara mbili. Kila kipande cha shamba kina jina lake na mpaka wake, kingine kimezungushiwa ukuta wa mawe na geti kabisa, na watu wanakwambia divai ya upande huu wa kijia sio sawa na ya upande ule. Nilikua naona wanatia chumvi. Miaka minne baadaye, 2015, UNESCO ikaviingiza vipande hivyo kwenye Urithi wa Dunia, vyote 1,247.

Njia ya njano ilipanda msituni juu ya Volnay. Mwanzo wa msitu nikakuta kibao cha wawindaji kwamba leo wanawinda, sikukijali sana, nikaingia, hata dakika kumi hazijafika nikasikia bunduki, tena sio mbali, na mimi nimevaa koti la kahawia. Nikageuza haraka nikashuka moja kwa moja kwenye mizabibu, ndio nikamkuta yule mzee.

Alikua peke yake, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, na toroli ambalo sijawahi kuona. Pipa la mafuta limepasuliwa katikati kwa urefu, limefungwa gurudumu na mishikio ya chuma, chini limetobolewa matundu, na moto unawaka humo humo. Anapogoa mzabibu, matawi anatupia motoni, anasukuma toroli hatua mbili, anashika mwingine. Majivu yanadondoka kwenye matundu yanabaki shambani. Nikasema bonjour, akaniangalia mikono, akanyoosha kidole kwenye pipa, njoo upashe.

Ule moshi ndio ulionimaliza. Nilikua sijanusa nyumbani miezi mitano. Nikajikuta namwambia, hata hajaniuliza, kwamba baba yangu ana shamba la zabibu. Wapi? Tanzania, Dodoma. Afrika, zabibu? Ndio, tena tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akarudia mara mbili, mara mbili, anatikisa kichwa, maana wa kwake unalala baridi nzima unazaa mara moja tu. Akaniuliza kama najua kupogoa. Nikasema najua.

Akafuta mkasi kwenye paja akanipa.

Mzabibu ulio mbele yangu alishaupunguza, yalibaki matawi mawili, moja refu na moja fupi. Baba hakua anaacha tawi refu hata siku moja, kila tawi alilikata akaacha macho mawili, vile vifundo vya kuchipua, basi. Sikuuliza. Mkono ulienda wenyewe kwenye lile refu, krap, likaanguka.

Mzee hakusema kitu. Aliinama akaliokota, akapitisha dole gumba kwenye macho yake moja moja, anahesabu kwa sauti ya chini, sita, saba, nane. Ndio akanielewesha, taratibu, kwamba hilo refu ndilo lingeinamishwa kwenye waya na ndilo lingebeba zabibu za mwaka huo, lile fupi ni la kuandaa tawi la mwakani. Mzabibu wenyewe aliupanda baba yake. Nilisema samahani, nikasema tena, Kifaransa chote kimenikimbia. Akaweka kiganja juu ya kile kigogo cheusi akasema, mwaka huu utapumzika. Alikua anauambia mzabibu au mimi, sijui. Lile tawi hakulitupa motoni, aliliegemeza ukutani.

Halafu akaniuliza, kwenu mnaacha macho mangapi? Nikashangaa, kumbe na wao wanaita macho. Mawili, nikasema. Akachukua mkasi akapogoa mzabibu uliofuata polepole, ameugeuzia upande wangu nione, na uliofuata, na uliofuata. Nilisimama pale mpaka moto ukafifia, ndio nikashuka Meursault kwa kufuata mnara wa kanisa.

Jumapili nikampigia baba. Swali lake la kwanza, mwanangu, wenzetu wanapogoaje? Nikamweleza kila kitu, tawi refu, tawi fupi, waya, macho manane. Alifurahi sana, akaniambia mwanangu una jicho la mkulima, nami nikanyamaza kimya. Yule mzee nilimwambia najua kwa sababu ya baba, nilitaka aone natoka kwenye shamba la mtu anayejua kazi yake. Kwa baba sasa nilificha nini, sijui.

Msimu uliofuata baba alijaribu kwenye mstari mmoja, ule wa karibu na mfereji, na kaka mpaka leo mstari ule anaupogoa hivyo hivyo. Ndio aliokua anaumalizia jana. Aliponiita, njoo ukate miwili mitatu basi, nikamjibu mikono ina mlenda.