Venye nilianza kuandika samaki yangu imetoka wapi

Niko na hoteli ndogo hapa Kisumu, upande wa Kondele, meza saba, kazi ni samaki na ugali, na kwa karibu miaka minne nilikuwa napika samaki ya friza kutoka China bila kumwambia mtu. Weita akiulizwa "hii ni ya ziwa?" anaitikia ndio, na mimi niko hapo jikoni nasikia, nanyamaza.

Siku moja mwalimu mstaafu, kastoma wangu wa miaka mingi, alikuja na shemeji yake kutoka Machakos, alikuwa amemwahidi ngege (tilapia) yenyewe ya Nyanza. Akaonja, akaangalia mfupa, akanawa mikono na ugali iko nusu. Alipolipa akanivuta kando: "Mama, si ungeniambia tu. Ningekula na ningelipa, lakini singempa mgeni wangu uongo." Hakupandisha sauti hata kidogo. Hiyo usiku nililala vibaya sana.

Sisemi samaki ya China ni sumu. Ya ziwa imepungua, gugumaji likifunga pale Dunga, ufuo wetu wa wavuvi, boti hazitoki, na mtu mwenye mia tatu pia anataka kula samaki. Mwaka wa 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitaka hizo samaki zisiingie nchini kabisa, na mpaka leo katoni ziko sokoni. Kile kinaniuma ni mtu kulipa bei ya ziwa akidhani amekula ya ziwa. Katiba yetu kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupewa habari kuhusu kitu ananunua, lakini ukiingia hoteli nyingi huku hakuna mtu atakuambia kitu.

Ndugu yangu anaishi Louisiana, huko Marekani, na yeye ndiye alinifungua macho. Kwao tangu 2019 mgahawa ukiuza kamba (prawns) ama kreifishi ya kutoka nje lazima iandikwe kwenye menyu, na kama hauna menyu unaweka kibao mlangoni. (Kreifishi inafanana na kamba lakini ina magando, ni ile iko Ziwa Naivasha, ililetwa huko 1970 na asili yake ni hiyo Louisiana.) Alabama nao wakapitisha sheria yao 2024. Kwa supamaketi za Marekani samaki ilikuwa inaandikwa nchi tangu 2005 lakini mikahawa iliachwa nje, ndio wavuvi wa kamba wakapiga kelele, juu kamba ya kutoka nje ni rahisi na wao wanauza boti zao. Nikasema hii si ndio shida ya Dunga kabisa?

Nilianza na wale wananiletea. Niliwaambia nataka kuona katoni yenyewe imefungwa, sio samaki imeshamwagwa kwa gunia, kwa sababu katoni ina nchi, tarehe ya kufungwa na ya kuisha. Wawili walikataa nikawaacha. Halafu nikaanza kupima baada ya barafu kuyeyuka, na hapo nilishtuka, kilo kumi haikuwa kilo kumi, nilikuwa nanunua maji miaka yote hiyo.

Ya ziwa mpwa wangu anaenda kuchukua Dunga asubuhi mapema. Nilimfundisha aangalie matamvua yawe mekundu, macho yang'ae, magamba yawepo na saizi zichanganyike, maana ile ya katoni huwa imeshatolewa magamba na matumbo na zote zinatoshana kama matofali. Jikoni beseni ya bluu ni ya ziwa, nyekundu ni ya friza, na mpishi akichanganya anaulizwa na mimi mwenyewe.

Kwa ubao niliandika kwa chaki: ngege ya ziwa 600, ya kizimba 450, ya China 300. Hiyo ya kizimba, yaani ile inafugwa ndani ya wavu ziwani, ilileta mjadala, wengine wanasema kizimba si kiko ndani ya ziwa, lakini ile inalishwa chakula cha dukani na ile inajitafutia sio kitu kimoja, kwa hivyo inabaki mstari wake.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu. Watu wakiona neno China wanageuka wanaenda kwa jirani, na jirani anapika katoni ile ile, nimeiona ikishushwa kwa lori! Nilikaribia kufuta ubao. Mpwa wangu ndiye alikataa. Polepole vijana wa bodaboda wakarudi na ya mia tatu, wanaagiza wenyewe "mama leta ya China na mchuzi mwingi", na wenye wageni wanapiga simu asubuhi kuuliza kama boti zimetoka.

Lakini ubao wangu peke yangu hautoshi, mimi nalipia ukweli na mwenzangu anakula faida ya kunyamaza. Inafaa hoteli zote zilazimishwe, kubwa na ndogo, na afisa wa afya akija kuangalia choo na leseni aulize pia katoni iko wapi. Nimemweleza MCA wetu, mwakilishi wa wadi, mara mbili na nitaenda ya tatu.

Mwalimu alirudi mwezi uliopita. Alisoma ubao akiwa amesimama, siku hiyo nilikuwa nimeandika hakuna ya ziwa. Akaketi, akaagiza ya kizimba.